Femtolita trilioni tano ndani ya kijiko cha chai

Karatasi ilikuwa imekunjwa mara nne ndani ya mkoba wangu, na pale kwenye mikunjo wino ulikuwa umeshaanza kuchubuka. Niliitandaza juu ya meza ya jikoni, kati ya bakuli la unga na thamosi ya chai, nikaisoma tena. Yalikuwa majibu ya damu ya binti yangu. Ana miaka 11, na kwa wiki kadhaa alikuwa akipanda ngazi za nyumba tunayopanga hapa Migosi, Kisumu, akisimama katikati kushika ukuta na kuvuta pumzi. Huyu ni mtoto aliyekuwa akinishinda mbio kufika getini.

Himoglobini, ile inayobeba oksijeni ndani ya damu, nilikuwa nimeisikia tangu siku za kliniki ya wajawazito, kwa hiyo ile 9.3 ilinieleza kwamba damu imepungua. Chini yake kulikuwa na mstari mwingine uliowekewa mshale wa kuelekea chini: MCV 66.7 fL. Nilimuuliza kijana wa maabara hiyo fL ni nini. "Hicho ni kipimo tu, mama. Daktari ataelewa." Daktari alielewa kweli. Alisema MCV ni wastani wa ujazo wa chembe nyekundu moja ya damu, na kwamba chembe za mtoto ni ndogo kuliko inavyotakiwa, huenda mwili umepungukiwa na madini ya chuma, akaandika dawa ya maji na kutupa tarehe ya kurudi. Foleni ilikuwa imefika nje ya mlango. Nikaondoka na dawa, na swali langu pia nikaondoka nalo: ndogo kiasi gani?

Mimi huoka mikate na keki na kukaanga mandazi, nikiuza mtaani na kwenye maduka mawili ya Kondele. Kutwa napima. Mtu akiniambia kitu ni kidogo, mkono wangu wenyewe hutafuta kijiko. Nikawaza kwamba ikiwa fL ni kipimo cha ujazo, ndugu yake lita, basi lazima kuna njia ya kutoka kwenye kijiko changu cha chai hadi kufika kule, hata kama njia yenyewe ni ndefu. Nilitaka kuitembea kwa miguu yangu. Ni mwili wa mwanangu uliokuwa umeandikwa pale kwa lugha nisiyoijua.

Herufi f ni femto, na L ni lita. Femtolita moja ni lita moja iliyogawanywa kwa 1,000 mara tano mfululizo. Kilichonisaidia ni kuacha kuhesabu sifuri na kuanza kuhesabu ngazi, kwa sababu sifuri humchanganya mtu na ngazi haimchanganyi. Kila ngazi ni elfu moja: lita, mililita, maikrolita, nanolita, pikolita, femtolita. Kijiko cha chai cha kupimia ni mililita 5. Shuka ngazi moja, unapata maikrolita 5,000. Shuka nyingine, nanolita 5,000,000. Nyingine, pikolita 5,000,000,000. Ya mwisho, femtolita 5,000,000,000,000. Trilioni tano. Kijiko cha mezani cha mililita 15 ni trilioni 15, na kikombe cha mililita 250 ni trilioni 250. Ukishakijua kijiko, vingine vyote ni kuzidisha, kama wazee walivyotoka kwenye kibaba kwenda kwenye pishi kwa kuzidisha mara nne.

Hesabu ilinichukua dakika tano. Lakini trilioni ni neno tunalolisikia siku ya kusomwa bajeti, na halikunionyesha kitu. Nikarudi juu nikashuka upya, safari hii nikitafuta katika kila ngazi kitu ninachoweza kukiona au kukishika.

Maikrolita ni mchemraba wa milimita moja kila upande. Hiyo ninayo jikoni. Sukari yetu ya kahawia, ile inayotoka kwenye mashamba ya miwa ya Muhoroni na Chemelil, ina punje kubwa kubwa, na ukichagua iliyo nene utapata inayokaribia milimita moja pande zote. Punje moja, maikrolita moja. Basi kijiko kina punje 5,000? Hapana, na hapa nilikaa kidogo kwa sababu ni jambo linalonigusa kazini. Kijiko cha sukari kina uzito wa karibu gramu 4. Sukari yenyewe, isiyo na nafasi katikati, ina uzito wa karibu gramu 1.6 kwa kila mililita, kwa hiyo gramu 4 ni kama mililita 2.5 tu ya sukari. Nusu nyingine ya kijiko ni hewa iliyokaa kati ya punje. Unga ndio mbaya zaidi: kikombe kile kile ukikichota ukakandamiza kinaweza kubeba gramu 150, na ukichekecha kwanza kikabeba 120. Ndiyo maana mtu anayebadilisha vikombe kuwa femtolita amebadilisha nafasi tu. Unga uliomo ndani ya nafasi hiyo ni hesabu nyingine, nayo huhitaji mizani.

Mama mkwe alikuwa ameketi karibu na mlango akichambua omena, dagaa wetu wa ziwani. Ameuza omena katika soko la Kibuye miaka mingi, na ninapozungumza habari za vipimo huwa anasikiliza kwa makini kuliko mtu yeyote nyumbani. Nilipomweleza habari ya hewa ndani ya kijiko alicheka akasema, "Nyathina," yaani mwanangu, "hilo kila muuza gorogoro analijua." Akanieleza jinsi gorogoro, lile bati la kupimia sokoni, linavyogongwa kwa chini hadi tumbo liingie ndani, na jinsi omena wakubwa wanavyojaza bati haraka kwa sababu hawalali vizuri pamoja, ilhali wadogo wanajipanga. Mteja anaona bati limejaa. Yeye mwenyewe hakuwahi kugonga bati lake, na najua ni kweli kwa sababu wateja wake wa zamani bado humuulizia.

Kuna kitu kingine cha maikrolita tunachokifahamu sana watu wa ziwani, nacho ni mbu. Mbu jike wa Anopheles akikuuma na kushiba, hubeba karibu maikrolita 2 hadi 3 za damu. Chukua mbili na nusu: kijiko kimoja cha chai ni mlo wa mbu 2,000. Na wataalamu wa maabara wanapotafuta malaria kwa hadubini, huripoti ni vijidudu wangapi walio katika maikrolita moja ya damu. Kwa hiyo punje ile ya sukari ya Muhoroni ndiyo ukubwa wa tone linalozungumziwa kila mtoto wa Kisumu anapopimwa malaria. Nilikuwa nimesikia maneno hayo mara nyingi maishani bila kujua ninaweza kushika kipimo chake kwa ncha ya kidole.

Nanolita niliipita haraka. Ni mchemraba wa sehemu ya kumi ya milimita, kama chembe ya unga wa ngano iliyo kubwa kiasi, ile unayoiona ikielea kwenye mwanga wa dirisha ninapochekecha.

Kwenye pikolita macho yanashindwa. Upande wa mchemraba ni maikromita 10, yaani sehemu ya mia ya milimita. Lakini ukifunua sufuria inayochemka, lile wingu jeupe linalopanda si mvuke wenyewe, kwa maana mvuke hauonekani. Ni vitone vya maji vilivyopoa hewani, na vitone vya namna hiyo ndivyo vya kuhesabiwa kwa pikolita. Huwezi kukiona kimoja, unaliona kundi.

Halafu femtolita. Mchemraba wa maikromita moja, sehemu moja ya elfu ya milimita. Bakteria mmoja wa Escherichia coli, yule anayetufanya tuchemshe maji, anachukua nafasi ya karibu femtolita moja.

Nilipofika hapo niliona kitu ambacho shuleni sidhani kama mtu alinionyesha. Kila ngazi ujazo unapungua mara 1,000, lakini upande wa mchemraba unapungua mara 10 tu. Milimita, sehemu ya kumi, sehemu ya mia, sehemu ya elfu. Tarakimu zinatisha kwa sababu zinahesabu pande tatu kwa mpigo. Ukizitenganisha, safari nzima kutoka punje ya sukari hadi bakteria ni kupunguza urefu kwa kumi mara tatu. Nilisimama nikachukua rula ya binti yangu, nikaiangalia ile milimita, nikajaribu kuigawanya kwa macho. Kumi za kwanza unaweza kuzikaribia. Kumi za pili unazikisia. Kumi za tatu ni za kuamini.

Jina lenyewe lina historia fupi ambayo naipenda. Femto imetokana na neno la Kidenmaki lenye maana ya kumi na tano, kwa sababu kipimo hicho ni kumi kwa kipeo cha kutoa 15. Mwenzake atto ni kumi na nane. Wakubwa wa vipimo waliyapitisha majina hayo mwaka 1964 kwenye Mkutano Mkuu wa Vipimo na Mizani, mwaka ule ule Kenya ilipokuwa jamhuri. Mkutano huo huo ulirekebisha lita. Tangu 1901 lita ilikuwa imefungwa kwenye kilo moja ya maji, na ikaonekana kwamba lita ya namna hiyo ilizidi kidogo mchemraba wa sentimita 10 kila upande, ikawa 1.000028 badala ya 1. Mwaka 1964 wakaamua lita iwe mchemraba huo kamili. Piga hesabu: kijiko cha chai cha kabla ya hapo kilikizidi cha leo kwa femtolita milioni 140. Hakuna mpishi aliyegundua. Ni nanolita 140, sehemu ndogo tu ya punje ya sukari.

Baada ya femto na atto walikuja zepto na yocto mwaka 1991, na mwaka 2022 wakaongezwa ronto na quecto. Nilijiuliza jikoni kwangu kuna nini cha kupimwa kwa vidogo hivyo, nikakuta ni maji yenyewe. Molekuli moja ya maji huchukua nafasi ya karibu rontolita 30. Chini ya hapo huwezi tena kugawanya maji yakabaki maji.

Nieleze na mahali niliposimama na simu mkononi nikiwa nimekasirika. Ukiiuliza intaneti kijiko cha chai ni femtolita ngapi, jibu linaloweza kukujia ni 4,928,921,593,750. Tarakimu zote kumi na tatu. Nilidhani nimekosea. Kumbe hicho ni kijiko cha Marekani, ambacho kwao kimetokana na galoni ya inchi za mchemraba 231, nayo ikigawanywa kuwa vijiko kila kimoja kinatoka mililita 4.92892159375. Hesabu ni sahihi. Lakini hebu fikiria ni mkono wa nani unaoweza kujaza kijiko kwa usahihi huo. Tone moja la maji ni kama femtolita bilioni 50. Tofauti ya kijiko cha Marekani na chetu ni bilioni 71, tone moja na nusu. Na maji yakitoka kwenye ubaridi wa asubuhi wa nyuzi 20 yakafika nyuzi 30 za mchana wa Kisumu, yale yale ya kijiko kimoja hupanuka kwa zaidi ya femtolita bilioni 12 bila mtu kuongeza kitu. Kwa hiyo zile tarakimu za mwishoni hazina mwenyewe. Anayepima kwa kijiko aandike trilioni tano, inatosha, na atakuwa amesema ukweli kuliko aliyeandika tarakimu kumi na tatu.

Sasa turudi kwenye karatasi.

Nilitaka kujua mashine ya maabara inapata vipi ukubwa wa kitu ambacho hakionekani. Njia inayotumika sana ilipewa hataza mwaka 1953 na Mmarekani, Wallace Coulter, na ni rahisi kiasi cha kufurahisha. Damu inachanganywa na maji ya chumvi yanayopitisha umeme, kisha inavutwa kupitia tundu dogo sana lenye mkondo wa umeme. Kila chembe ikipita inaziba njia kidogo na umeme unatikisika. Chembe kubwa, mtikisiko mkubwa. Mashine inahesabu mitikisiko na kupima kimo cha kila mmoja, na kutoka hapo inajua chembe ni ngapi na kila moja imechukua nafasi gani. Kabla ya mashine watu walifanya kwa mkono. Maxwell Wintrobe, daktari wa huko Marekani, ndiye aliyeiweka sawa hesabu hiyo miaka ya 1920 ikiisha na ya 1930 ikianza. Unazungusha damu kwenye mrija hadi chembe zitulie chini, kama unga wa muhogo unavyotulia chini ya maji, unapima zimechukua sehemu gani ya mrija, unahesabu chembe kwa hadubini, unagawanya.

Unagawanya. Basi hata mimi naweza, kwa sababu namba zote mbili zilikuwa palepale kwenye karatasi, mistari miwili juu ya ule wenye mshale.

Niliwaza kijiko kimoja cha chai cha damu ya mwanangu, katika mawazo tu, Mungu apishe mbali. Karatasi ilisema chembe nyekundu ni asilimia 30 ya damu yake. Asilimia 30 ya mililita 5 ni mililita 1.5, yaani femtolita trilioni 1.5. Karatasi ilisema tena kwamba kila maikrolita ina chembe milioni 4.5. Kijiko kina maikrolita 5,000, kwa hiyo chembe ni bilioni 22.5. Trilioni 1.5 gawanya kwa bilioni 22.5. Simu ikaandika 66.666.

Niliweka simu chini. Sijui kama nitaweza kueleza nilivyojisikia. Nilikuwa nimetoka kwenye kijiko ninachochotea hamira, nikashuka ngazi kwa ngazi, nikatokea kwenye namba ile ile iliyotoka ndani ya mashine, mpaka desimali. Nilimwita mume wangu aone. Nilimwonyesha mama mkwe, ambaye hasomi hesabu za namna hiyo, lakini alinitazama usoni akaelewa kwamba nimepata kitu.

Kwa mtu mzima hutarajiwa femtolita 80 hadi 100 kwa chembe moja. Kwa watoto wa umri wa binti yangu kiwango cha chini hushuka kidogo, ila 66.7 iko chini hata hivyo. Chukua 90 kuwa mfano wa chembe iliyoshiba: ya mwanangu ilikuwa na kama robo tatu tu ya ujazo huo. Ukizigeuza zote mbili kuwa michemraba, moja ina upande wa maikromita 4.5 na nyingine 4.05. Tofauti ya upande ni sehemu ya kumi tu! Mwokaji analijua hili kwa mateso. Chombo cha keki cha inchi 9 na cha inchi 8 kwa macho ni kama ndugu, lakini mchanganyiko wa kile kikubwa ukiumimina kwenye kile kidogo unamwagika ndani ya jiko. Punguza kidogo kila upande, utapoteza robo ya ndani.

Na nilipoangalia tena idadi, chembe milioni 4.5 kwa maikrolita, niliona kwamba hazikuwa chache. Zilikuwa karibu na kawaida. Mwili wake ulikuwa ukitengeneza chembe kwa bidii, lakini kila moja ikitoka na himoglobini kidogo. Madini ya chuma yakipungua, chembe changa kwenye uboho huendelea kugawanyika zikisubiri himoglobini ambayo haifiki, na kila zikigawanyika zinakuwa ndogo zaidi. Mimi nimewahi kufanya hivyo. Bei ya unga ilipopanda na wateja wakawa hawataki kuongeza shilingi, nilikata madonge madogo ili mandazi yabaki yale yale kwa idadi. Ukihesabu, hakuna kilichopungua. Ukiuma, unajua.

Daktari alikuwa amesema pia kwamba namba moja haitoshi. Kuna watu wengi wa pande hizi waliozaliwa na thalasemia ya alfa, na chembe zao huwa ndogo hata chuma kikiwa tele. Kuna safura, minyoo wanaonyonya damu utumboni polepole. Kuna malaria inayovunja chembe. Kwa hiyo tungejaribu dawa ya chuma, apewe na ya minyoo, kisha tuone kama chembe zitakua. Chembe nyekundu huishi karibu siku 120, ndiyo maana tarehe ya kurudi ilikuwa mbali. Zile ndogo zilizokwisha tengenezwa hazinenepi. Lazima zife, zipishwe na nyingine.

Kuna jambo moja zaidi la usiku ule. Nilitaka kujua kama jikoni kwangu kuna kitu chochote chenye femtolita sitini na kitu. Kipo. Chembe moja ya hamira ya mkate, ikiwa ya duara yenye upana wa maikromita 5, ina ujazo wa femtolita 65. Nilikuwa nimeshika kibati cha hamira mkononi. Punje moja ya hamira kavu ni lundo la chembe hizo zilizobanana, na kijiko kimoja kina makumi ya mabilioni. Kwa hiyo ile chembe nyekundu ya binti yangu ninaijua: ni sawa na kile kiumbe kinachoumua unga wangu kila alfajiri. Tangu hapo siwezi kumimina hamira bila kumkumbuka.

Sasa sehemu ninayoiandika kwa uzito, na mzazi mwenzangu ukipitia makala hii haraka, hapa usipite haraka.

Dawa ilikuwa mililita 5 mara mbili kwa siku. Chupa haikuja na kikombe cha kupimia, nami nilitumia kijiko cha chai cha nyumbani, kile kipana alichokuja nacho mama mkwe kutoka nyumbani. Siku nne. Mtoto akawa analalamika tumbo linamsokota, na siku ya nne akatapika. Usiku wa hesabu, nilipokuwa nikiandika "kijiko ni mililita 5" kwa mara ya ishirini, nilikitazama kile kijiko kwenye sinki nikashikwa na hofu. Nilikuwa nimeanza hesabu yangu yote kwenye kijiko nisichowahi kukipima.

Asubuhi nilinunua sirinji ya plastiki ya mililita 5 kwenye duka la dawa, nikapima vijiko vyote vya nyumba kwa maji. Cha bati kilichukua 3.5. Kile chembamba cha kukorogea chai, 4. Vile vya seti ya harusi, 5.5. Kile kipana kilijaa kwenye 8. Nilikuwa nimempa mwanangu zaidi ya nusu ya dozi juu ya dozi, mara mbili kwa siku. Kwenye femtolita ni trilioni tatu za ziada, lakini wakati huo sikujali femtolita, nilijali kwamba mkono uliopima ni wangu.

Nilirudi kwa mfamasia nikamweleza wazi. Hakunikaripia. Alisema kwa umri na uzito wake hajadhurika, dawa ya chuma husumbua tumbo na choo kuwa cheusi ni kawaida, lakini nisitumie tena kijiko cha kulia, nitumie sirinji. Akaongeza, chupa iwekwe juu kabisa na ifungwe, kwa sababu kwa mtoto mdogo wa miaka miwili mitatu dawa hiyo tamu ikinywewa kwa wingi ni sumu inayoua. Tuna mdogo wake nyumbani. Chupa ilihamia juu ya kabati siku hiyo hiyo.

Kilichobaki kilikuwa chakula na subira. Chai tuliiondoa kwenye mlo wa mboga, kwa sababu chai huzuia chuma kuingia mwilini, tukaweka ndimu mahali pake. Maini mara moja kwa wiki pesa zikiruhusu, omena wa mama mkwe karibu kila siku. Sirinji inaning'inia kwenye msumari kando ya jiko hadi leo.

Baada ya miezi mitatu tulirudi. Binti yangu aliketi kwenye benchi akitikisa miguu, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa muda. Tulipopewa majibu hakunisubiri nifungue, aliichukua karatasi mwenyewe. Chembe asilimia 36.4. Chembe milioni 4.6 kwa maikrolita. Mstari wa MCV aliufunika kwa kidole gumba.

"Tufanye kwa kijiko kwanza," akasema.

Tulifanya nyumbani, nyuma ya mfuko wa unga uliokuwa mtupu, yeye akiandika. Asilimia 36.4 ya mililita 5 ni 1.82, basi ni femtolita trilioni 1.82. Milioni 4.6 mara 5,000 ni bilioni 23. Alikataa simu, akagawanya kwa kalamu, ulimi ukiwa umetokeza pembeni mwa mdomo, akavuka mstari mmoja na kuanza tena. Akapata 79.1. Akaondoa kidole gumba kwenye karatasi ya maabara, akatazama, akapiga mistari miwili chini ya jibu lake, kisha akaniuliza kama donge limeshaumuka akate mandazi.